Chaza wa Mwamba Uliofungwa

Kila siku baada ya shule, maji yakiwa yamekupwa, Kelera alivua viatu, akakaza sulu, shuka yake ya kujifunga, kiunoni na kumfuata shangazi yake mwambani. Shangazi Losalini alikuwa akisomea shahada ya uzamili chuo kikuu mjini Suva, lakini utafiti wake aliufanyia hapa nyumbani, kijijini Navatukula. Alikuwa amewabandika chaza wakubwa vibao vyenye namba, apate kujua kama wanastawi wakiachwa bila kuvuliwa.

"Tembea polepole, wewe!" alimtania. "Ukinikanyagia chaza wangu, nitakubandika na wewe namba."

Mwamba ulikuwa umefungwa tangu Babu afariki. Babu alikuwa mkuu wa wavuvi, na mkuu wa wavuvi akifa, hakuna anayevua mbele ya kijiji mpaka karamu ya kumaliza msiba. Ndipo shangazi alipopata nafasi ya kufanya utafiti wake. Mara nyingine alipima chaza huku machozi yakimtoka kwa kumkumbuka baba yake, akisingizia maji ya chumvi.

Nyumbani, Bibi alikuwa hali chakula. Akiletewa supu, aliisogeza pembeni. Alikonda mpaka bangili zikawa zinamvuka mkononi. Jioni moja alimnong'oneza Kelera, "Natamani chaza wa kukamuliwa ndimu, mjukuu wangu. Kama alivyokuwa akiniletea babu yako."

Alfajiri Kelera alichukua kisu, akaingia majini peke yake. Chaza waliokuwa karibu ndio waliobandikwa vibao, na ndio aliowatoa.

"Umewapata wapi?" Bibi aliuliza.

"Mama Vasiti wa kijiji cha pili amekuletea pamoja na salamu," Kelera alidanganya.

Bibi alikula wote, akalamba na vidole. Kelera alifurahi mpaka akasahau kuogopa. Akaenda tena siku nyingine, na nyingine tena.

Maganda hakuyatupa. Babu hakuwahi kuacha ganda nchi kavu. Alikuwa akisema kilichotoka baharini kirudi kwao. Basi Kelera alirudisha kila ganda pale pale alipolitoa, kibao kikiwa bado kimeganda juu yake. Aliona hiyo ndiyo heshima.

Shangazi aliyakuta. Alinyanyua ganda moja tupu, akasoma namba, akanyanyua la pili. Kisha akaketi majini na nguo zake.

"Wamekufa, Kelera. Maji ya mwezi huu yamekuwa ya moto mno. Hata tukiwaacha wanakufa tu." Alikuwa analia waziwazi. "Jumamosi nitawaambia wazee. Kufunga mwamba hakusaidii kitu. Waufungue tu, watu wavue."

Kelera alielewa maana yake. Msiba wa Babu ungekatizwa kabla ya wakati wake kwa sababu ya chaza aliowaua yeye. Usiku huo hakupata usingizi, na asubuhi hakuweza hata kumeza chai. Alimkuta shangazi anapanga maneno ya kuwaambia wazee.

"Shangazi, hawakufa kwa joto. Ni mimi niliyewatoa. Nilimpa Bibi."

Shangazi alimtazama kama hamjui. "Na maganda?"

"Niliyarudisha. Kama Babu."

"Unajua ulikuwa unaniandikisha nini? Uongo! Halafu niweke jina langu chini yake!" Alishika kichwa. "Itabidi nianze upya na chaza wengine. Mahafali ya mwaka huu basi tena."

Lakini lililomuumiza Kelera zaidi lilitoka kwenye mkeka nyuma yao. Bibi alikuwa amesikia kila neno.

"Nimekula chaza wa mwamba uliofungwa kwa msiba wa mume wangu," alisema, akajifunika uso. Alilia kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi.

Alipotulia, aliinuka kwa shida, akachukua fungu la mizizi ya yaqona, ile ya kupeleka mtu anapoomba radhi, na kumshika Kelera mkono. Wote watatu wakaenda kwa Mzee Apisai, mdogo wake Babu, aliyekuwa akiulinda mwamba. Kelera alipiga magoti mlangoni, akaweka mizizi mbele yake, akaeleza kosa lake lote.

Mzee Apisai alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha aliigusa mizizi, akapiga makofi mazito ya kukubali.

"Tumepokea. Mwamba utabaki umefungwa mpaka siku ya karamu. Nawe Losalini, hao walioliwa wafute tu kwenye hesabu yako."

"Siwafuti, Baba Mdogo," shangazi alijibu. "Nitaandika kwamba wameliwa na watu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa."

Njiani Bibi alitembea akimwegemea Kelera.

"Ulinionea huruma, najua," alisema. "Lakini ungenikumbusha kwamba mwamba umefungwa, tungelia pamoja, halafu ningekula hata muhogo. Uongo wako ulinishibisha, ukampotosha shangazi yako, na nusura uninyang'anye siku zangu za kumlilia babu yako. Ukimpenda mtu, mwambie ukweli hata kama atalala na njaa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe, mjukuu wangu," Bibi alisema, akimfuta machozi. "Ila chaza hawarudi."