Wivu wa Chiriku

Kila alasiri Chiriku alikuwa na kazi ya kupiga pasi nguo ambazo mama yake, fundi cherehani, alikuwa amemaliza kushona. Majirani walimpa binti huyo jina la ndege chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alimsimulia mama mambo ya darasani, na mama alicheka huku akikanyaga cherehani. Muda huo ulikuwa wao wawili.

Kisha akaja Mpole, mtoto wa mama yake mdogo, kukaa nao kwa kuwa wazazi wake walihamishwa kikazi kwenda mbali. Tangu hapo, jua likipungua ukali, mama alisimamisha cherehani, akaingia chumbani na Mpole, wakafunga mlango. Chiriku alitega sikio mpaka shingo ikamuuma. Kimya.

"Mnafanya nini mle ndani?" alimuuliza Mpole.

"Tunakaa tu," Mpole alijibu, akitazama chini.

Jibu hilo lilimchoma. Nani hufunga mlango ili akae tu? Chakula kikawa hakimshuki. Akaanza kuongeza sauti ya redio, kudondosha sufuria na kukohoa bila kikohozi.

Siku moja alikuwa akipiga pasi gauni la kijani la mwalimu wa kwaya. Ghafla akamsikia Mpole akicheka chumbani, na mama naye akacheka. Chiriku aliiacha pasi juu ya gauni, akaenda kubandika sikio mlangoni. Aliporudishwa na harufu ya kuungua, gauni lilikuwa na doa kubwa la kahawia chini ya kiuno.

Mama alitoka mbio.

"Ni Mpole," Chiriku alisema. "Ameliunguza kwa pasi."

Mama alilitazama gauni. Akavuta pumzi ndefu, akaitoa polepole.

"Mpole alikuwa na mimi. Sema kweli, mwanangu."

Machozi yakamtoka Chiriku. "Mmenitenga. Nyinyi mnacheka ndani, mimi nimebaki na pasi."

Mpole akasogea karibu. "Dada, nikiwakumbuka wazazi, huzuni hunizidi. Muuguzi wa shule alinifundisha kukaa kimya, kufumba macho na kufuata pumzi yangu. Mara nyingine nalia, ndiyo maana tunafunga mlango. Leo nilicheka kwa sababu tumbo la mama mkubwa lilinguruma."

"Nilianza kwa kumsindikiza," mama akasema, "nikaona hata mabega yangu yanalegea. Siku ya kwanza nilikuita, ukasema unaangalia katuni."

Chiriku alikumbuka. Uso ukamwaka kwa aibu. "Nisamehe, Mpole. Nimekusingizia."

Mama alikata sehemu iliyoungua, akaweka mkanda mpana wa kitambaa cheusi, Chiriku akimshikia. Mwalimu wa kwaya alipofika, Chiriku alimweleza mwenyewe kila kitu. Mwalimu aliligeuza gauni huku na huku, akapitisha kidole juu ya mkanda.

"Mkanda unapendeza," alisema mwishowe. "Ila ningechukia kudanganywa."

Kesho yake walikaa watatu mkekani. Baada ya muda mfupi Chiriku akafumbua jicho moja.

"Mama, nikifumba macho naona wivu tu."

"Basi uone. Jiambie, huu ni wivu, kisha rudi kwenye pumzi. Mawazo yakikutoroka, rudi tena. Hakuna anayekukimbiza."

Alirudi, akatoroka, akarudi. Taratibu kifua kikawa chepesi, na mkono wa Mpole uliomgusa gotini haukumuudhi tena.

Walipomaliza, mama aliwatazama wote wawili. "Kukaa kimya hakufuti wivu wala hofu. Kunakupa nafasi ya kuvitambua kabla havijakufanyia maamuzi. Na vikikuzidi, njoo uniambie. Mimi ni mama yenu, lakini siwezi kusikia msichokisema."