Taa ya Mayai ya Mama Hélène

Kila asubuhi Mama Hélène huinamia sanduku lililo karibu na kitanda. Huyasalimia mayai ya bata kwanza, ndipo amsalimie mumewe.

Sanduku hilo ni mashine ya kutotolesha vifaranga. Taa huyapa mayai joto. Kompyuta ndogo, saizi ya kiberiti, huamua taa iwake lini. Bata mwenyewe aliliwa na mbwa, kwa hiyo mayai hayana mama mwingine.

Lakini kila Mama Hélène akifungua kifuniko, anakuta taa imezimika. Anafunga, anasubiri, anafungua tena. Giza.

"Mashine imekufa," alisema mumewe, Papa Lambert. "Bon, lete kikaango."

"Kikaango? We Lambert! Hii ni batoto yangu!"

Alimwita jirani yao Aimée, mwalimu wa umeme. Aimée alimulika yai kwa tochi ya simu. Mishipa midogo ilionekana.

"Iko muzima, mama. Lakini iko baridi. Unafunguaka sana?"

"Kila saa! Nione kama taa inawaka."

Aimée alitabasamu. Akachukua kipande cha mkaa, akaandika sakafuni: B, F, T.

"Mashine inajua kweli na uongo tu. B: ndani kuna baridi. F: kifuniko kimefungwa. T: taa inawaka. T ni kweli kama B ni kweli na F pia ni kweli. Moja ikiwa uongo, T ni uongo."

Mama Hélène alitazama herufi. "Donc nikifungua, F ni uongo..."

"Na taa inazima."

"Alors ni mimi niko naizima!"

"Maneno tu," alinung'unika Papa Lambert.

Aimée aliacha sanduku wazi. Akabonyeza kwa kidole kitufe ambacho kifuniko hukibonyeza kikifungwa. Taa ikawaka.

"Kidole kimeiambia mashine F ni kweli. Na B ni kweli, mayai iko baridi."

Papa Lambert alichukua kifuniko. Akakitoboa, akabandika kipande cha kioo ili waone ndani bila kufungua.

Kesho yake alichungulia. "Hélène! Imezima tena, na kifuniko kimefungwa!"

"B ni uongo, papa. Ndani kuna joto. Kunywa chai yako."

Baada ya majuma kadhaa, yai moja lilipasuka. Mdomo mdogo ukatokeza. Mkono wa Mama Hélène ulikwenda haraka kwenye kifuniko, ukasimama.

Aliuweka juu ya kioo, taratibu. Chini yake, taa ilikuwa inawaka.