Bonge Moyoni mwa Mzee Gharib

Dama aliikata kona ya Ngome ya Yesu, Yamaha ikiunguruma. Muuza vinyago akaruka kando, akatukana.

Dama hakugeuka.

"Uko wapi?" Sauti ya Kingi, mkuu wake katika idara ya ujasusi, ilikwaruza sikioni.

"Naingia Kizingo."

"Ongeza moto. Mzee Gharib yuko kitandani tayari. Wakimpiga umeme, tumempoteza."

Gharib, afisa mstaafu wa forodha, ndiye shahidi pekee aliyeliona kontena la Morgan, mfanyabiashara wa dawa, likifunguliwa: vidonge bandia vya kuzuia damu kuganda. Chaki tupu. Moyo wa mzee ulikuwa ukipiga ovyo, na kliniki ya Morgan ilikuwa ikimpa chaki hiyo hiyo ndani ya pakiti nyingine.

Leo walitaka kuurudisha moyo kwenye mapigo yake kwa shoti ya umeme. Tiba halali kabisa. Ila moyo ukishakuwa na bonge la damu, shoti huweza kulirusha hadi kwenye ubongo.

Mgonjwa hufa. Daktari hutoa pole. Hakuna risasi, hakuna kesi.

Muuaji gani huyu, Dama aliwaza kwa kinyaa, asiyeweza hata kujishikia kisu mwenyewe?

Samsung yake ilitetemeka akishuka kwenye pikipiki: picha ya moyo imeingia.

"Tumeichomoa kwenye kompyuta za kliniki," alisema Kingi. "D-dimer, kipimo cha damu kinachopanda mabonge yakijijenga, iko juu mno. Morgan alibadilisha majibu, na picha ya moyo pia. Hiyo ndiyo ya kweli."

Mlangoni mwa kliniki, mlinzi alinyoosha mkono kumzuia. Akajikuta amekaa chini.

Chumbani, Daktari Fadhiya alikuwa ameshika vibao vya umeme juu ya kifua cha mzee aliyelala. Nyuma yake alisimama Morgan, tai ya hariri shingoni.

"Daktari, weka chini!"

"Wewe nani, dada? Damu yake ni safi, na picha—"

"Picha uliyopewa ni ya mtu mwingine. Tazama hii." Dama alimnyooshea simu.

Fadhiya alitazama. Katika chemba ya juu, kushoto, lilining'inia bonge nene kama zabibu.

"Subhanallah! Ningemuua."

Morgan akampokonya vibao, akamrukia mzee.

Glock, bastola ya Dama, haikutoka hata kwenye ala. Kiwiko kimoja tu, cha pua. Morgan akaenda chini, akalia kwa sauti. Pingu zikabana.

"Unajua mimi ni nani?"

"Muuza chaki."

Fadhiya alikuwa ameshaagiza heparini, dawa ya kweli ya kuzuia damu kuganda. Mzee alifumbua jicho.

"Wamemaliza, mwanangu?"

"Hawakuanza, mzee wangu. Pumzika."

Sikioni, Kingi akauliza, "Vipi?"

"Mzee yu hai. Morgan analia."

"Ameumia?"

"Pua. Na tai imechafuka."

Alimruka Morgan kama mtu anavyoruka maji machafu, akavaa miwani yake, akatoka juani.