Kishikwambi Katika Gunia la Ndengu

Kila asubuhi, kabla ya kengele kulia, Kavindu alipanda ngazi fupi ya mbao nyuma ya darasa la Gredi ya Sita akiwa na kitambaa chenye unyevu, akapangusa vumbi kwenye paneli ya sola. Vumbi la Kanyangi halina adabu. Ukilipangusa leo, kesho limerudi na ndugu zake. Hata hivyo, Kavindu hakulalamika hata siku moja, kwa sababu kazi ile haikupewa mtu yeyote tu. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa vishikwambi katika Shule ya Msingi ya Kwa Ndululu, na wenzake wengi walimwonea gere.

Alipomaliza na paneli, aliingia darasani, akavitoa vishikwambi kabatini mbele ya Mwalimu Ndunge na kuvichomeka kwenye chaji kimoja kimoja. Kila kishikwambi kilikuwa na jina. Wanafunzi walikuwa wamevipa majina ya vilima na majabali ya Ukambani. Kulikuwa na Nzaui, kulikuwa na Mutitu, na kulikuwa na Nzambani, ambacho kamera yake ilikuwa nzuri kuliko za vingine vyote.

Muhula ule Nzambani kilikuwa kimebeba kazi ya darasa zima. Siku ya wazazi ilikuwa Alhamisi, na safari hii Gredi ya Sita hawangeimba wala kukariri shairi. Wangefundisha somo. Somo lenyewe lilihusu bwawa la mchanga lililo kwenye mto wa msimu, chini ya shule yao: jinsi ukuta uliojengwa kukata mto unavyozuia mchanga wakati wa mvua, jinsi mchanga huo unavyohifadhi maji, na jinsi watu wanavyochimba humo na kunywa kiangazi kizima. Wanafunzi walikuwa wamepiga picha na kurekodi maelezo kwa sauti zao wenyewe. Mulinge, mvulana mwenye sauti nzito asiyeogopa watu, alichaguliwa kuwa msemaji. Picha zote zingeonyeshwa ukutani kwa projekta, na kijijini hapakuwa na mzazi aliyewahi kuuona mto wake mwenyewe ukutani.

Kwa maoni ya Kavindu, picha moja tu ndiyo iliyokosekana, nayo ni ya Susu, yaani nyanya yake. Susu Kaveke alikuwa miongoni mwa akina mama wa mwethya, kikundi cha kazi za pamoja, waliobeba mawe mgongoni kuujenga ukuta ule. Mpaka leo aliteka maji hapo asubuhi na mapema, saa ambazo wanafunzi hawajafika shuleni. Kavindu alitamani wazazi wote wamwone. Alijivunia sana nyanya yake, na aliona si haki ukuta uonyeshwe bila mjenzi.

Sheria ya shule ilikuwa wazi: kishikwambi hakitoki nje bila ruhusa ya mwalimu. Angeomba, pengine angekubaliwa. Lakini cheo kilikuwa kimemvimbisha kichwa kidogo. Alijiambia kwamba msimamizi hahitaji kuomba kitu anachokisimamia. Ijumaa jioni, alipokuwa akivipanga vishikwambi kabatini, Nzambani kikaishia mkobani mwake. Mwalimu Ndunge alifunga kabati bila kuvikagua, maana alimwamini.

Kesho yake asubuhi na mapema, kule mtoni, picha ilitoka vizuri kweli. Susu alikuwa amepiga magoti kando ya shimo la maji mchangani, kibuyu mkononi, na nyuma yake ukuta wa mawe ulikuwa umeshika mwanga wa asubuhi. Kavindu alikiweka Nzambani ukingoni mwa shimo ili amsaidie Susu kuinua mtungi. Mchanga ukamomonyoka, na kishikwambi kikateleza hadi majini.

Alikidaka papo hapo. Kioo kilikuwa bado kinawaka, na Susu, aliyekuwa ameshageuka kumfungia punda mitungi, hakuona lolote. Kavindu alikificha mkobani, akaharakisha hadi nyumbani.

Alikuwa amewahi kuwasikia watu sokoni wakisema simu ikiingia maji hufukiwa ndani ya mchele ili ikauke. Mchele! Kwa Susu, mchele ulionekana Krismasi na kwenye harusi. Kulikuwa na gunia la ndengu, tena kubwa. Punje ni punje, Kavindu aliwaza. Akafungua kizibo cha mpira kinachofunika tundu la chaji, ili maji yapate njia ya kutokea, kisha akakididimiza Nzambani hadi chini kabisa ya gunia. Katika hofu yake alisahau jambo ambalo kila mtoto wa Ukambani analijua: ndengu za kuwekwa akiba huchanganywa na majivu ili fukusi wasizile. Majivu ya gunia lile yeye mwenyewe ndiye aliyeyachekecha.

Jumatatu asubuhi alikipangusa kishikwambi, ambacho sasa kilikuwa kimeishiwa chaji, kikang'aa, akakichomeka kwenye chaji kabla ya wenzake kuingia. Taa ndogo ya chaji haikuwaka. Mwalimu Ndunge alibadilisha waya, akabonyeza hapa na pale, akasubiri. Nzambani kilikuwa kimya.

Mwalimu aliuliza kama kuna yeyote anayejua kilichotokea. Kavindu alitazama meza. Hatimaye Mulinge akasimama polepole.

"Mwalimu, pengine ni mimi," alisema. "Ijumaa niliuvuta waya kwa nguvu wakati wa kuuchomoa."

Wengine walimfyonya. Mwalimu aliwanyamazisha, akasema kwamba mwalimu mkuu angekipeleka Nzambani Kitui Jumatano asubuhi kikatazamwe na mafundi. Akawaeleza pia, bila kuwaficha, kwamba mafundi hao huanza kwa kufuta kila kilichomo. Picha zao na sauti zao zingepotea. Hivyo aliwaagiza walete mchanga, mawe na mtungi wa plastiki uliokatwa ubavuni, watengeneze bwawa dogo la kufundishia. Mulinge aliomba atolewe kwenye usemaji, kwa kuwa hakuona atawatazamaje wazazi usoni baada ya kuharibu kazi ya darasa.

Kavindu alijua kwamba Mulinge hana kosa. Alijua hivyo yeye peke yake, kwa kuwa Nzambani kilipiga picha vizuri kabisa siku moja baada ya waya ule kuvutwa. Lakini ulimi ulikuwa mzito. Akisema, angepoteza cheo, na macho ya darasa zima yangemgeukia. Basi akanyamaza.

Jumanne walijenga bwawa lao ndani ya mtungi. Walipanga mawe, wakashindilia mchanga nyuma yake na kumimina maji, nayo yakazama yasionekane. Walipotoboa tundu chini ya ukuta, yakaanza kutoka tone kwa tone, safi. Ilikuwa kazi ya kupendeza na kila mtu alicheka, isipokuwa wawili. Mulinge alibeba mchanga kutoka mtoni mara nyingi kuliko wote, kama mtu anayelipia kosa. Kavindu alimtazama akajichukia.

Alipofika nyumbani alasiri, alimkuta Susu uani akipepeta ndengu za chakula cha jioni. Susu alisita, akaokota kitu kwenye ungo na kukiinua machoni. Kilikuwa kipande kidogo cha mpira mweusi.

"Mwana wakwa, mwanangu," Susu aliuliza, "tangu lini ndengu zangu zikazaa mpira?"

Kavindu alikitambua mara moja kizibo cha Nzambani. Hapo machozi yakamtoka, na maneno yote yakafuata: mkoba, picha, shimo la maji, gunia, Mulinge. Susu alimsikiliza hadi mwisho. Kavindu alipofika pale pa kukosa mchele, mdomo wa bibi yule ulicheza kidogo, lakini hakucheka.

"Ulikuwa hujazaliwa tulipojenga ule ukuta," Susu alisema. "Mwethya wetu ulikuwa na utaratibu mmoja. Mtu akiweka jiwe vibaya, anasema saruji ikiwa bado mbichi. Linatolewa, linawekwa upya, kazi inaendelea, na hakuna anayetukanwa. Lakini ukinyamaza saruji ikakauka, maji yatapenya hapo, na kijiji chote kitalala na kiu."

Alimwekea kile kizibo kiganjani, akamfumba vidole. "Saruji yako bado mbichi. Kesho asubuhi itakuwa imekauka."

Jumatano Kavindu hakungoja hata chai. Alimkuta Mwalimu Ndunge mlangoni mwa ofisi akikifunga Nzambani kwenye karatasi, na pikipiki ya mwalimu mkuu ikiwa tayari inanguruma uani. Alieleza kila kitu kwa pumzi moja, akiwa amenyoosha kiganja chenye kizibo. Uso wa Mwalimu ulionyesha kwamba ameumia, na hilo lilimchoma Kavindu kuliko kiboko. Kisha akauliza jambo ambalo Kavindu hakulitarajia.

"Ndengu hizo zilikuwa na majivu?"

"Ndiyo, Mwalimu. Mengi."

Mwalimu Ndunge alimwomba mwalimu mkuu asubiri kidogo. Aliingia darasani na Kavindu, na hapo, mbele ya wote, Kavindu akarudia maneno yale yale. Alimalizia kwa kumgeukia Mulinge na kumwomba msamaha.

"Kumbe si mimi," Mulinge alisema taratibu, na mabega yake yakashuka ghafla.

Mwalimu alichukua mswaki mpya mkavu na kijiti cha meno. Alikwangua tundu la chaji polepole, akapuliza, akakwangua tena. Majivu yalimwagika juu ya meza, ya kijivu, laini, yaliyogandana pale yalipokutana na maji. Darasa zima lilikuwa limeizunguka meza, na hakuna aliyekumbuka kukaa. Alipochomeka waya, hakikutokea kitu. Alikwangua tena, akachomeka. Taa ndogo nyekundu ikawaka.

Kelele zilizotoka darasani mle zilimfanya mwalimu mkuu azime pikipiki na kuja kuchungulia.

Msamaha haukufuta adhabu. Siku hiyo hiyo Kavindu alimkabidhi Mulinge kitambaa cha kupangusia paneli, naye Mulinge akawa msimamizi hadi mwisho wa muhula. Kuhusu picha ya Susu, Mwalimu Ndunge alitoa sharti moja: ingeonyeshwa ikiwa Susu mwenyewe angekubali, na ikiwa Kavindu angewaeleza wazazi jinsi ilivyopatikana.

Alhamisi darasa lilijaa, na madirisha yakafunikwa kwa mablanketi ili kuwe na giza. Mulinge, aliyekubali tena kuwa msemaji, alifundisha kwa ile sauti yake nzito, asikwame mahali. Wazazi waliuona mto wao ukutani, wakaonyeshana mashamba na mapito yao. Kisha mtoto mmoja wa Gredi ya Kwanza aliitwa kumimina maji kwenye bwawa la mtungi, na yalipotokea upande wa pili akayaonja, akasema ni matamu. Wazee walicheka mpaka wakapangusa macho.

Mwisho Kavindu alisimama. Aliwaambia wazazi kweli yote, pamoja na habari za gunia la ndengu. Akina mama waliangua kicheko, maana kila mmoja wao alikuwa na gunia la aina hiyo kwake. Ndipo picha ikatokea: Susu Kaveke amepiga magoti, kibuyu mkononi, na ukuta wa mwethya nyuma yake. Vigelegele vilipasua darasa. Akina mama wa mwethya walisimama mmoja baada ya mwingine, wakijitafuta katika mawe yale.

Mwalimu Ndunge alingoja watulie. "Maji hayakukiharibu kishikwambi hiki," aliwaambia wanafunzi. "Kilichokiharibu ni kufichwa. Na kama Kavindu hangesema ukweli, mimi nisingejua nitafute majivu. Kingekwenda Kitui, na kazi yenu yote ingefutwa. Vifaa hivi ni vyetu sote. Anayekosea na kusema mapema ametusaidia sote kurekebisha."

Kisha akamwomba Susu aseme neno. Bibi alikwenda mbele kwa mwendo wake wa pole, akasimama karibu na picha yake mwenyewe na kuugusa ule ukuta kwa kidole.

"Watoto, mnauona ukuta huu?" alisema. "Hauvuji. Msidhani tulioujenga hatukukosea. Tulikosea sana. Lakini kila aliyekosea alisema saruji ikiwa mbichi, na ndiyo sababu leo mnakunywa maji. Jana mjukuu wangu alifanya kazi ya mwethya."

Susu aliporudi kuketi, alimvuta Kavindu akakaa karibu naye. Kavindu hakuwa msimamizi tena, na kesho paneli ingepanguswa na mkono mwingine. Hata hivyo, alikaa wima katikati ya akina mama waliojenga ukuta, na alijivuna kuliko siku ile alipopewa cheo.