Nilimfasiria Mama Uongo Mbele ya Daktari wa Meno

Nina miaka thelathini na sita, nina mume na watoto watatu, naishi Bel-Air, hapa Lubumbashi. Ninaandika haya kwa aibu, maana aliyeumizwa ni mama yangu mzazi, na aliyemuumiza ni mimi!

Mama ni mtu wa Maniema, Mwislamu aliyeshika dini. Analima mahindi na mboga Kasungami, pembezoni mwa mji. Kwenye maulidi yeye ndiye aliyekuwa akiwaongoza akina mama kusoma kasida, na sauti yake ilikuwa ikisimamisha wapita njia.

Mwaka jana fizi zake zilianza kutoka damu, kisha usaha. Meno manne ya mbele yakawa yanacheza. Nikamleta kwangu atibiwe. Wiki zikapita tukisubiri zamu kwa daktari... Mama akawa anakosoa chumvi yangu, anakosoa malezi yangu, anapanga upya jiko langu. Nilimchoka. Ndiyo, nilimchoka mama yangu!

Daktari wa meno alitoka Kinshasa, hajui Kiswahili. Kifaransa cha mama ni cha salamu tu. Mimi nikawa katikati.

Daktari akaeleza kwamba ugonjwa wa fizi umekula mfupa unaoshika meno. Angefungua fizi, asafishe, kisha ajaze chembechembe nyeupe kama mchanga pale palipoliwa, ili mfupa wa mama mwenyewe uote tena. Hakuahidi muujiza, lakini alikuwa na matumaini makubwa. Ila mama angekaa mjini miezi kadhaa, ale vyakula laini, arudi kuangaliwa.

Miezi kadhaa... nyumbani kwangu!

Mama akadhani chembechembe zile ni mfupa uliosagwa, akauliza: "Ile mufupa iko ya nini? Ya muntu mwenye alikufa? Ya nguruwe?"

Nikamwuliza daktari. Akasema si ya mtu wala ya mnyama yeyote, inatengenezwa kiwandani kwa madini yanayofanana na ya mfupa wetu. Jibu lilikuwa jepesi hivyo! Nikamgeukia mama, nikasema: "Iko ya munyama, mama. Pengine ya nguruwe."

Mama akajiziba mdomo kwa mkono. "Basi, bayang'oe tu."

Nilipomwambia, daktari alishangaa, akaniomba nimweleze mama tena. Mnajua nilifanya nini? Nilimwuliza mama kama anasikia baridi. Akatikisa kichwa kukataa, daktari akaamini amekataa matibabu.

Meno yakang'olewa. Mama akarudi Kasungami, nami nikalala usingizi mzuri!

Meno ya bandia hayakumkaa vizuri, mfupa ulikuwa umepungua mno. Kwenye maulidi maneno yakawa yanamtoka na upepo. Wasichana wawili wakacheka. Mama akafunga kitabu, akampisha mwenzake. Hajaongoza tena tangu siku ile.

Kisha, kwenye matanga, mwanamke aliyetibiwa na daktari yule yule akamwambia ukweli kuhusu zile chembechembe. Mama akaja kwangu, akakataa chai.

"Docteur alisemaka nini siku ile?"

Nilitaka kusingizia Kifaransa... Mimi, niliyesoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza! Nikapiga magoti, nikasema yote, hata lile swali la baridi.

Mama hakulia. "Ungesema tu umechoka na miye. Ramazani alikuwa ananiomba nikakae kwake."

Ramazani ni kaka yangu, ana nyumba kubwa Karavia, hapa hapa mjini. Sikuwahi hata kumwuliza...

Mama anasema amenisamehe. Lakini siku hizi akienda kwa daktari anafuatana na mke wa Ramazani. Majuzi niliwasindikiza. Mlangoni mama akaniambia kwa upole: "Weye ubakie hapa." Nikabaki kwenye benchi, nikimsikia mwanamke mwingine akimfasiria mama yangu.

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Mzazi akisikia kupitia mdomo wako, mpe maneno yote kama yalivyosemwa, achague mwenyewe. Na kama umechoka, sema umechoka. Mimi nililiogopa neno hilo moja, na mama yangu akalilipia kwa meno yake.