Kuinuka Mkekani

Saa kumi alasiri, mjini Faza, Bi Mwanatumu alikuwa ameketi mkekani, na hakuweza kuinuka. Alikuwa ameinama kuokota tasbihi, akakaa kidogo apumzike. Sasa miguu ilikataa. Adhana ilikuwa imekwisha, naye hajatawadha.

Mwanawe Athman aliporudi kutoka dukani alimkuta hapo. Alimshika makwapani, akamwinua kama mtoto. Bi Mwanatumu aligeuza uso.

"Usimwambie mtu," alisema.

Athman alisifiwa mtaani. Tangu baba yake afariki, hakumruhusu mama kufanya kazi yoyote. Maji alichotewa. Mbuzi ya kukunia nazi ilitiwa stoo, ikanunuliwa mashine. Chakula kililetwa pale pale kitini. Bi Mwanatumu alikula chai na mahamri asubuhi, chai na mkate usiku. Samaki aliwaachia wajukuu.

Jioni hiyo alimweleza mwanawe jambo alilokuwa amelificha. Mume wa Bi Umi, rafiki yake tangu chuo cha Kurani, alikuwa amefariki hivi karibuni. Matangani wanawake huketi mikekani. Bi Mwanatumu alijua kuwa akiketi, atavutwa ainuke mbele ya watu. Kwa hivyo hakwenda. Alipeleka mchele na sukari. Watu walisema ana kiburi, kwamba mali ya mwanawe imemfanya aone mikeka ya wenziwe ina vumbi. Aliyasikia, akanyamaza. Aliona afadhali aitwe mwenye kiburi kuliko aonekane akivutwa. Sasa Bi Umi alikuwa edani, ile miezi minne na siku kumi ya mjane kukaa ndani, wala Bi Umi hakumtumia yeye hata salamu.

"Nataka nikaketi naye kabla hajatoka eda," alisema. "Kwa miguu hii siwezi."

Athman alimwita Nusra, binti wa binamu yake, mtaalamu wa tiba ya viungo. Nusra alipima presha, akakagua magoti. Hakuona ugonjwa. Alimwomba Bi Mwanatumu ainuke kitini bila kutumia mikono. Alijaribu, akarudi chini.

Nusra akauliza mama hubeba nini kwa siku.

"Habebi kitu," Athman alijibu, kwa fahari kidogo. "Nimemkataza."

"Ndiyo maana," Nusra alisema.

Akawaeleza. Misuli si ukuta wa mawe. Kila siku mwili huibomoa kidogo na kuijenga kidogo. Zimo ishara zinazoisukuma ikue, na nyingine zinazoizuia, kama breki. Mtu akizeeka, upande wa kujenga huwa mzito wa kusikia. Huamshwa na mambo mawili: kazi yenye uzito, na chakula cha kujenga mwili. Mama alikuwa hapati hata moja.

Athman aliuliza kama ipo sindano ya kuilegeza hiyo breki. Alikuwa ameona habari zake kwenye simu. Nusra alisema wanasayansi wanajaribu, na misuli ya wanyama wengine imekua. Lakini haijathibitishwa kuwa dawa hizo humwongezea mtu umri. Asinunue dawa wala unga wa kukuza misuli unaouzwa mitaani. Linalojulikana ni hili: wazee wenye misuli dhaifu huanguka zaidi, na kwa kawaida hufa mapema kuliko wenzao wenye nguvu.

Athman aliinamisha kichwa. "Basi nimemzeesha mama kwa mikono yangu."

Nusra hakumbembeleza. "Ulimheshimu. Lakini mguu haujui heshima. Unajua kazi."

Alimwonyesha Bi Mwanatumu namna ya kuinuka. Aanze na kiti kirefu, mtu akiwa karibu. Ainuke, aketi, apumzike, arudie. Kiti hicho kikiwa rahisi kwake, atafute cha chini zaidi. Akihisi kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache na aende hospitali. Kila mlo uwe na samaki, yai, kunde au maziwa.

Athman aliitoa mbuzi stoo, akaifuta vumbi.

Mwanzoni mapaja yalimuuma Bi Mwanatumu, akamlaumu Nusra. Wajukuu walimhesabia kwa sauti mpaka akawafukuza. Alitoka kiti kirefu akaja kitandani, palipo chini zaidi. Baadaye akaanza kukuna nazi mwenyewe, ameketi juu ya mbuzi, karibu na sakafu. Samaki sasa na yeye alipata fungu lake.

Eda ilikuwa karibu kwisha alipobisha hodi kwa Bi Umi. Aliitikiwa hodi ya pili.

"Leo umeiona ndia ya kuja kwangu," Bi Umi alisema. Akaonyesha kiti kwa kidevu. "Keti hapo. Kwingine humu ni mikeka tu."

Bi Mwanatumu aliketi mkekani. Akamweleza yote: tasbihi, miguu, na siku ile ya matanga alipokaa nyumbani akisikia kisomo dirishani.

"Hukuja kwa sababu ya miguu?" Bi Umi aliuliza.

"Kwa miguu ningeshikwa mkono, ningefika. Ni haya iliyonizuia."

Bi Umi alichezea ncha ya mkeka.

"Ningekuvuta mimi," alisema.

Adhana ya alasiri iliposikika, Bi Mwanatumu alikunja goti, akakanyaga kwa mguu mmoja, akainuka. Hakushika ukuta. Bi Umi alimtazama kutoka miguuni hadi usoni.

"Hebu rudia."

Bi Mwanatumu aliketi. Akainuka tena.