Swabra na Daftari la Miungu

Nyinyi mnafikiri mapenzi inaanza na maua? Hii ilianza na suruali kupasuka. Ilikuwa Jumanne, soko ya Gitega imejaa mpaka mtu akikohoa, wa pembeni anafuta uso. Swabra wa Nyamugari iko kwenye mashine yake ya kushona, kitenge ya kijani, mtandio ya njano, pini mbili kwenye midomo. Mara kijana moja anakuja kinyumenyume, mgongo anaufuatisha ukuta kama mjusi.

"Dada, naomba unisaidie. Nimeshuka vibaya kwenye pikipiki."

"Geuka nione."

"Siwezi kugeuka, watu ni wengi."

"Sasa mi nashona nini, uso yako?"

Akamtupia khanga. Kijana akajifunga, akakaa mbele ya soko muzima na khanga ya maua, anakunywa chai kama ni bwana harusi. Jina Zuberi, anakaa Muyinga. Alikulia kwenye kambi ya wakimbizi huko Tanzania, ndiyo sababu Kiswahili yake iko nyoofu.

"We unaongea kama unasoma habari kwenye redio," Swabra akamwambia.

"Na wewe unashona polepole. Unataka nisiondoke."

Swabra akacheka, pini zikaanguka. Bon, basi, namba ikaandikwa.

Miezi tatu simu haikupoa. "Alo, ua langu." "Ua gani? Sema jina." "La maboga." "Toka hapa! Lile si tunapika?" "Ndiyo, na mimi nina njaa." Vile tu. Mpaka Zuberi akatuma wazee wawili kuposa kwa Baba mudogo Uthmani, ule anafundisha watoto Kuruani pale Nyamugari, ndiye alimlea Swabra. Uthmani akasema jibu watapata Ijumaa, sala ikiisha. Akamugeukia binti: "Neno ni lako. Ukisema hapana, ni hapana."

Sasa hapo ndipo roho ya Swabra ikaanza kuwasha. Juu ya nini siku hizi Zuberi anazima simu kila siku saa nane mpaka saa kumi? Yeye anasema iko kwenye depo, anapima kahawa. Siku moja alisahau kuzima, akapokea. Swabra akasikia nyuma mwanamke analia kwa Kifaransa, anasema "mpenzi wangu, mpenzi wangu", halafu mtu akapiga kelele kama anachinjwa.

"Ni nani huyo?"

"Ni... jirani. Nitakupigia."

Jirani! Wapima kahawa gani wanalia vile?

Kwetu, binti akiposwa, upande wake unatuma mutu kwenda kuuliza habari za kijana kwao, kimyakimya. Kawaida ni shangazi. Swabra hakungojea shangazi. Ijumaa asubuhi akavaa baibui nyeusi, akapanda gari ya Muyinga, akafika karibu saa nane, akajifanya anatafuta chumba ya kupanga.

Nyumba ya pili kutoka kwa Zuberi kulikuwa mama moja, Raissa, anachambua maharagwe mlangoni.

"Chumba iko," Raissa akasema, "lakini ule kijana wa pembeni sijui kama utamuweza. Mchana anatundika blanketi kwenye madirisha. Ndani watu wanalia, visu vinagongana. Na angalia hii, upepo ulileta kwangu."

Karatasi ya daftari. Mwandiko ni wa Zuberi kabisa. *Mungu wa tatu: kakatwa kichwa. Damu: nyingi mno. Shetani mwanamke: nguo hakuna. Nne juu ya kumi.*

Swabra akasoma mara mbili. Wanawake anawapa maksi! Ama iko kwenye dini ya giza. Ama vyote viwili. Akaenda mpaka mlango wa Zuberi. Hakupiga hodi, akasukuma mlango.

Ndani giza, kompyuta kwenye kiti, na kwenye kioo cha kompyuta jitu la pembe sita linapigana na mwanamke wa mabawa, wote wa kuchora. Zuberi iko kwenye mukeka peke yake, kalamu kwenye sikio.

"Swabra!"

"Wanawake wako wapi?"

"Wanawake gani?"

"Wenye nne juu ya kumi!"

Zuberi akaangalia karatasi, akaficha uso. Maneno yakatoka sasa. Venansi, mwenye nyumba ya kuonyesha video kule Gitega, alinunua ile hadithi ya katuni, sehemu ishirini na nne, miungu na mashetani wanapigana. Wazazi walilalamika. Akamuomba Zuberi aione yote, aandike nani anafaa kuiona.

"Na mi juu ya nini hukuniambia?"

"Baba yako anafundisha Kuruani! Ningemwambia nini, kwamba kila siku naangalia miungu kumi na wawili, na nusu yao hawana nguo?"

"Kwa hiyo ukanidanganya kahawa."

"Nilidanganya. Depo naingia asubuhi tu."

Swabra akatoa blanketi la dirisha, akaacha mlango wazi, akakaa mbali. "Weka. Nione mwenyewe."

Wakaangalia. Yule mwanamke wa mabawa, ni mungu, alikuwa na mume, akaambiwa mume ana damu ya shetani. Akamfuata kwa kujificha, akamuua kwenye kisima kimoja. Halafu ndiyo akajua mume alikuwa anamlinda. Swabra akapangusa macho na mtandio.

"Picha, nane," akasema. "Ile kuvuliwa nguo haina kazi, sifuri. Watoto wasiione. Lakini huyu mwanamke mujinga, angemuuliza!"

"Wewe umeniuliza kwa kuvunja mlango."

"Nyamaza. Bado nina hasira."

Simu ikalia. Ni Uthmani. "Swabra, we iko wapi? Wazee wamekaa hapa, wanangoja."

Swabra akamupa Zuberi simu. "Mwambie. Yote. Ukiacha hata moja, mi narudi na gari ya saa kumi."

Zuberi akamwambia, jasho inatoka. Mpaka zile nguo akazitaja. Swabra akabonyeza simu ili sauti ya Uthmani itoke nje.

"Wanafunzi wangu wanatoroka kwenda kwa Venansi," Uthmani akasema. "Kumbe ni hiyo. Utaandika wasiingie?"

"Nimeshaandika, Baba. Miaka kumi na nane kwenda juu."

"Nipe binti."

Swabra akamuangalia yule muongo wa kahawa, kola imelowa, kalamu bado kwenye sikio. "Baba mudogo, mi namkubali. Wazee wape chai."

Zuberi akaruka juu.

"Kaa chini! Imebaki sehemu ngapi?"

"Nne."

"Tutaangalia pamoja. Lakini hatujafunga ndoa." Akaita mlangoni: "Mama Raissa! Njoo na maharagwe yako."

Raissa akaja, akakaa katikati yao na sinia kwenye magoti, akachambua, akaangalia, akachambua.

"Huyu mwenye pembe," akauliza, "ni bwana wa nani?"